Cherokee Purple, Black Krim au Paul Robeson: nyanya ipi nyeusi ipandwe Houston?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa Muheza, Tanga, sasa naishi Houston, Texas, na mke wangu na watoto wetu wawili. Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna kipande cha ardhi ambacho mwenye nyumba ametuachia tulime. Udongo wake ni mfinyanzi mzito: ukilowa unang'ang'ania viatu, ukikauka unapasuka. Kwa hiyo nimetengeneza matuta mawili ya kuinuka, nikayazungushia mbao na kuyajaza udongo wenye mboji. Yanatosha miche sita ya nyanya. Nikizidisha hapo nitakuwa naibananisha.

Nimependa nyanya nyeusi za mbegu za asili, zile ambazo watu wamezitunza wenyewe na kurithishana, si chotara, yaani mbegu za kuchanganya aina mbili. Nilizionja kwenye soko la wakulima hapa mjini na tangu siku hiyo nyanya za dukani hazinipandi tena. Nikanunua pakiti tatu: Cherokee Purple, Black Krim na Paul Robeson. Ukitazama picha zake utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Maelezo ya nyuma nayo yanafanana: tunda kubwa, rangi ya zambarau iliyokolea, ladha nzito. Nikiuliza watu, kila mmoja ana jina lake. Mzee mmoja tunayesali naye anasema niachane na zote nipande Brandywine. Dukani wananiambia mbegu za asili haziwezi joto la huku, ninunue chotara yale yamekwisha.

Msimu uliopita nilipanda Cherokee Purple peke yake. Miche niliipeleka bustanini mwisho wa Aprili, baridi ilipokuwa imekwisha kabisa. Ikakua ikanipita kimo, ikajaa maua, halafu maua yakapukutika karibu yote. Nyanya chache zilizoshika zilipasuka baada ya mvua. Majani ya chini yakawa ya njano, yenye madoa ya kahawia ya duara ndani ya duara. Nilimwagilia, nikaweka mbolea, wapi.

Sasa mke wangu anasema tupande miwili miwili ya kila aina, tuone wenyewe. Mimi naona tuchague moja tuitunze vizuri. Mama yangu anakuja mwezi wa Juni kumsaidia mwenzangu, maana tunatarajia mtoto wa tatu, na ningependa sana akute nyanya za kuchuma mwenyewe, tuzipikie mchuzi. Tena nataka nianze kutunza mbegu zangu. Nishauri, Shangazi: hizi tatu zina tofauti gani hasa, na ipi itakubali hapa?

Mwanao,
Baba Salma, Houston

*

Marahaba, Baba Salma. Hongereni kwa mgeni mnayemtarajia, na mke wako mpe pole ya uzito.

Barua yako imenifikia Desemba, na nimefurahi, kwa sababu ungeniandikia Aprili ningekuwa sina la kukusaidia hadi msimu mwingine. Hapo Houston, kuchagua kati ya Cherokee Purple na wenzake ni jambo la pili. La kwanza ni tarehe. Cherokee Purple ya msimu uliopita haikuwa na kosa, wala mbolea haikupungua. Maua yako yalifunguka wakati ambao nyanya yoyote yenye tunda kubwa ingeyadondosha.

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe. Chavua imo ndani ya kimrija cha njano kilicho katikati ya ua, na inamwagika ua likitikiswa na upepo au nyuki. Usiku ukibaki na joto la zaidi ya nyuzi 24 za Selsiasi, hizo 75 za Farenhaiti mnazozisikia kwenye redio ya huko, chavua inadhoofika. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35 mambo yanazidi kuharibika. Ongeza unyevu wa pwani ya Ghuba ya Mexico: hewa ikiwa nzito kwa maji, chavua inagandana na haimwagiki hata ua likitikiswa. Ua ambalo halikuchavushwa mmea unaliachia. Ndiyo pukutika uliyoiona.

Sasa angalia kalenda ya mji wako. Mwezi Mei usiku wa Houston huwa wastani wa nyuzi 20 au 21. Juni unakaribia 24, na Julai na Agosti haushuki tena. Kwa hiyo nyanya kubwa inapaswa kutoa maua na kushika matunda Aprili na Mei. Mche uliohamishwa mwisho wa Aprili unaanza kuchanua mwisho wa Mei na kukolea Juni. Ulikuwa umeshachelewa siku ile ile uliyopanda, ingawa jirani yeyote angekusifu kwa kungoja baridi iishe. Nyumbani unalijua jambo hili kwa upande wake mwingine: pwani ya Tanga nyanya tunazipenda baada ya masika, kipupwe kikiingia, na joto kali likirudi tunategemea zinazoshuka kutoka Lushoto. Houston haina Lushoto yake. Ina miezi miwili ya maua wakati wa majira ya kuchipua, na kipande kidogo cha vuli ambacho nitakigusia.

Kwa hiyo sia mbegu ndani ya nyumba wiki ya kwanza ya Januari, mahali penye joto, na miche ikiota iweke chini ya taa au kwenye dirisha lenye jua la kutosha. Ihamishe bustanini kati ya mwanzo na katikati ya Machi. Siku zinazoandikwa kwenye pakiti huhesabiwa tangu kuhamisha mche, si tangu kusia mbegu. Ukihamisha tarehe 10 Machi, aina ya siku 80 inakupa tunda la kwanza karibu na tarehe 29 Mei. Mama akitua Juni anakuta zinaiva. Weka karibu mashuka ya zamani na ndoo za kufunikia usiku wa baridi, maana Machi inaweza kugeuka, na waliokuwa Texas Februari 2021 hawajasahau ile barafu iliyopasua mabomba ya maji. Usizike miche kwenye udongo baridi ili tu uwahi. Ikiwa usiku bado unashuka chini ya nyuzi 10, subiri siku chache.

Tarehe ikishakaa sawa, tofauti za hizo aina tatu zinaanza kuwa na maana. Rangi yao nyeusi ina asili moja. Nyanya ya kawaida ikiiva inapoteza kijani chake chote, nyekundu ikabaki. Hizi haziachi kijani, nyekundu inakuja juu yake, na mchanganyiko huo ndio unaoona kama zambarau au kahawia. Usingoje mabega ya juu yawe mekundu ndipo uchume. Yatabaki na kijani hata tunda likiwa limeiva kupita kiasi, na wengi wanaoanza na nyanya nyeusi wanazipoteza hapo.

Cherokee Purple ni ya kusini kwenu huko huko. Mwaka 1990 mkulima mmoja wa Tennessee, John D. Green, alimtumia Craig LeHoullier, mtunza mbegu mashuhuri, kifurushi cha mbegu za nyanya isiyo na jina, na kumweleza kwamba zilitoka kwa watu wa kabila la Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, zaidi ya miaka mia nyuma. LeHoullier ndiye aliyeipa jina. Tunda lake huwa gramu 300 hadi 400, ganda halina rangi, na ndiyo sababu linaonekana la zambarau. Kama siku moja utaona Cherokee Chocolate, jua ni hiyo hiyo iliyobadilika kwenye bustani ya LeHoullier ikawa na ganda la njano, hivyo macho yanaiona kahawia. Mdomoni sidhani utazitenganisha. Kwa joto la kusini mwa Marekani, Cherokee Purple imejitengenezea jina la kuaminika kati ya nyanya kubwa za asili. Mmea wake haurefuki mno kama wenzake wengi, na unashika matunda vizuri ukipewa Aprili yake. Inapasuka kidogo mabegani mvua ikiwa kubwa, lakini kwa kawaida ni mikwaruzo inayofunga yenyewe.

Black Krim inatoka Krimea, kwenye Bahari Nyeusi, na jina lake ndilo linalosema hivyo. Nakiri ni tamu sana, ina kachumvi fulani ambako hizo nyingine hazifiki. Tena ni ya mapema, pakiti nyingi huandika siku 70 hadi 80, na inavumilia joto. Tatizo ni ganda lake jembamba. Nyanya hupasuka pale udongo uliokuwa mkavu unapopata maji mengi kwa ghafla: nyama ya ndani inavimba haraka kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Krimea majira ya joto ni makavu, na Houston mvua ya radi ya mwisho wa Mei inaweza kumwaga kwa saa moja maji ya wiki mbili. Black Krim ikikutana na mvua hiyo inapasuka hadi chini, na katika unyevu ule kuvu inaingia kwenye ufa kesho yake asubuhi.

Paul Robeson ni mbegu ya Urusi, imepewa jina la yule mwimbaji Mmarekani mweusi, mpigania haki, aliyezaliwa 1898 na kufa 1976. Warusi walimpenda sana tangu alipowatembelea mwaka 1934. Mwaka huo huo Robeson alikuwa London akisoma Kiswahili kwenye chuo ambacho leo kinaitwa SOAS. Mwambie mama yako habari hiyo akiwa anaila. Tunda ni dogo kidogo, gramu 200 hadi 300, bapa, la kahawia ya tofali, na kwangu mimi ndilo lenye ladha ya kina kuliko yote matatu. Kwa sababu ya asili yake halichukizwi na usiku wa baridi, kwa hiyo maua ya mwanzo wa Aprili, ambayo aina nyingine huyaacha yaanguke, hili mara nyingi linayashika. Kasoro zake ni mbili. Mazao si mengi, na pakiti zinatofautiana sana kuhusu siku, nyingine 75, nyingine 90. Ukilichelewesha ndilo litakaloumia kwanza.

Kwa miche yako sita, hivi ndivyo ningefanya mimi. Mitatu Cherokee Purple, miwili Paul Robeson. Black Krim usiitupe, lakini usiipande msimu huu wa mvua. Mbegu ya nyanya ikifungwa vizuri na kuwekwa pakavu penye ubaridi inakaa miaka minne na zaidi bila kufa. Ihifadhi kwa ajili ya vuli, ambapo miche inahamishwa mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti chini ya kivuli, inachanua Septemba usiku ukianza kupoa, na inatakiwa iive kabla ya baridi ya Desemba. Hapo mbio ni dhidi ya baridi, na ile ya mapema ndiyo yenye nafasi. Najua mke wako alitaka miwili miwili ya kila aina, na wazo lake lina busara, kwa sababu bustani yenu ina upepo na kivuli chake ambavyo mimi sivioni. Ila kwa miche sita, aina moja ikifeli kwa jambo tunalolijua mapema, theluthi ya bustani imekwenda, na mgeni mnaye Juni.

Mche wa sita uwe wa bima. Tafuta Arkansas Traveler, nyanya ya waridi iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Arkansas kwa ajili ya joto la kusini. Si chotara, mbegu yake unaweza kuitunza. Ladha yake ni ya kawaida, sikudanganyi, lakini inashika matunda siku ambazo nyeusi zote zimekata tamaa, na ganda lake halipasuki ovyo. Au panda nyanya ndogo ya cheri, hizo hazisumbuliwi sana na joto.

Mzee wa Brandywine mheshimu, lakini usimfuate. Brandywine ni nyanya tamu ya Pennsylvania na sehemu zenye ubaridi kama huko, kubwa sana, inayochelewa, na kusini inajulikana kwa kutoa majani mengi na matunda ya kuhesabu. Wa dukani naye ana hoja yake. Chotara nyingi zimepewa kinga dhidi ya mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaonyausha mmea, na minyoo fundo, inayovimbisha mizizi, na mbegu zako hazina kinga hiyo. Ungekuwa unataka debe la nyanya ningemuunga mkono. Wewe unataka ladha na mbegu, na una udongo mpya kwenye matuta, kwa hiyo msimu wa kwanza na wa pili minyoo haitakuwa mingi. Baadaye hamisha nyanya, usirudie tuta lile lile kila mwaka. Na usifuate nyanya kwa biringanya, pilipili wala viazi mviringo, maana zote ni ukoo mmoja na zinarithishana magonjwa.

Madoa uliyoyaeleza, ya duara ndani ya duara yakianzia majani ya chini, ni bakajani wahi. Kuvu yake inaishi kwenye udongo na mabaki ya mimea, na matone ya mvua yanairusha hadi kwenye majani yaliyo karibu na ardhi. Kwa hiyo izuie isirukie: tandaza nyasi kavu au majani makavu unene wa vidole vinne mara miche ikishika. Mche ukifika kiunoni, kata majani yote ya chini hadi kimo cha goti. Mwagilia shinani asubuhi, usimwagilie juu ya majani, jioni ndiyo usithubutu. Acha nafasi ya karibu mita moja kati ya mche na mche ili hewa ipite, ndiyo maana sita zinatosha. Matandazo hayo hayo yatapunguza kupasuka, kwa sababu udongo hautakauka na kulowa kwa kushtukiza. Yatapunguza pia kuoza kitako, kule kuwa cheusi chini ya tunda, ambako watu hukimbilia kutia chokaa wakati mara nyingi shida ni maji yasiyo na utaratibu. Mbolea ya naitrojeni punguza. Mmea uliokupita kimo ukiwa na majani ya kijani kibichi kabisa ulikuwa umeshiba mbolea.

Aprili na Mei, kati ya saa nne na saa sita mchana, pita ukitikisa vichala vya maua kwa kidole, kidogo tu. Wakati huo unyevu umepungua na chavua iko huru. Mwisho wa Mei tundika kitambaa cha kivuli cha asilimia 30 upande wa jua la alasiri. Na utawaona wadudu wa kahawia wenye miguu ya nyuma iliyopanuka kama jani, wanafyonza matunda na kuyaacha na madoa magumu. Wakiwa wadogo wanakusanyika pamoja, wekundu, na ndiyo siku ya kuwakung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Wakishaota mbawa utawafukuza hadi uchoke.

Chuma mapema. Nyanya ikianza tu kugeuka rangi upande wa chini, ikipoteza ule ukijani wa mwanzo, ilete ndani iivie mezani kwenye hewa, si kwenye friji. Itaiva na ladha yake yote, na utakuwa umeikwepesha mvua, ndege na hao wadudu kwa mara moja. Kwa Houston jambo hili linaokoa matunda kuliko dawa yoyote ninayoijua.

Kuhusu mchuzi, mwanangu, naomba usizipike. Hizi zina maji mengi na ladha yake inakimbia kwenye moto, utajikuta umechemsha nyanya za thamani ukapata kitu ambacho nyanya Roma ya dukani, ile ya kupikia, ingekupa. Mkatie mama vipande vinene, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili, ndimu, aile na pilau au na samaki wa kukaanga. Kwa mchuzi nunua Roma.

Mbegu utazipata kwa urahisi, kwa kuwa nyanya hujichavusha, lakini nyuki wanaweza kuchanganya aina zilizo karibu. Mapema Aprili chagua kichala kimoja kwenye mche mmoja wa kila aina, kivalishe mfuko mwepesi wa kitambaa cha wavu kabla maua hayajafunguka, kitikise kila siku, na matunda yakishashika vua mfuko, funga uzi wa rangi. Acha tunda liive hasa mtini. Kamulia mbegu na maji yake kwenye kikombe, iache siku mbili hadi nne ichachuke mpaka ule utelezi uachie, osha, anika kivulini juu ya sahani, kamwe usianike juu ya karatasi laini maana zitagandia. Andika jina na mwaka. Na unapochagua mche wa kutoa mbegu, usitazame tunda kubwa kuliko yote. Tazama mche ambao majani yake ya chini yalichelewa kuugua na ambao ulishika maua hadi mwisho wa Mei. Ukifanya hivyo kila msimu, utakuwa unajichagulia Cherokee Purple inayoijua Houston.

Msalimie mama akifika.

Shangazi